Barua kwa mwanangu: Kisu cha babu yako usikisugue

Kwa mwanangu mpenzi Zuwena,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeniuliza: "Baba, kisu cha babu kimeingia weusi na madoa. Yupo mtu hapa anakusanya visu vya zamani, anakuja kukiangalia Jumamosi. Nimeshanunua dawa ya kusugulia vyuma. Nikisugue kwanza?"

Usikisugue. Nimeona niliseme hilo kabla ya salamu za nyumbani, maana nakujua ulivyo mwepesi wa mkono, na Jumamosi haiko mbali.

Weusi ule si uchafu. Kisu kile cha kukunja ni cha chuma cha kaboni, tofauti na visu vyako vya jikoni visivyoshika kutu. Chuma cha namna hiyo kikikutana na maji ya matunda makali hugeuka rangi. Babu yako alimenya machungwa kwa kisu kile miaka na miaka, kila baada ya chakula cha mchana, amekaa barazani, ganda analitoa zima kama utepe. Ule ujivujivu wenye kibuluu kwa mbali, uliotanda kwenye bapa kubwa, ndio machungwa hayo. Umekaa kama ngozi nyembamba juu ya chuma, na ngozi hiyo husaidia kuizuia kutu nyekundu isipate pa kuanzia. Mkusanyaji akiiona anajua kuwa mashine haijapita pale.

Sasa nikukumbushe kilikotoka. Wamarekani walipojenga kituo chao cha kufuatilia vyombo vya angani pale Tunguu, babu yako alipata kazi ya upishi. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, kituo cha Zanzibar kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyosikilizana naye akipita. Mmoja wa mafundi wa kule alimpa babu kisu hicho mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wakaondoka, na mwaka huohuo kituo kikafungwa. Kisu kikabaki mfukoni mwa babu.

Nakukumbusha haya kwa sababu kisu chenyewe kinayashuhudia. Fungua bapa kubwa, uangalie shinani, pale linapoingia kwenye mpini. Utaona chapa ndogo: CASE XX. Hao ni watengenezaji wa Bradford, Pennsylvania, na wakusanyaji wanavijua visu vyao kwa chapa. Mpaka mwaka 1964 waliandika hivyo tu. Mwaka 1965 wakaongeza U.S.A., na mwaka 1970 wakaanza kuweka nukta 10 chini ya jina, kila mwaka wakipunguza moja. Kwa hiyo chapa isiyo na U.S.A. inasema kisu ni cha kabla ya 1965, na maneno ya babu yanathibitika bila karatasi yoyote. Upande wa pili kuna namba 6318: 6 ni mpini wa mfupa, 3 ni idadi ya mabapa, 18 ni umbo la kisu.

Chapa hiyo kina chake hakifiki unene wa ukucha. Dawa ya kusugulia ina chembechembe zinazokula chuma, na kitambaa hakichagui: kinapita juu ya doa na juu ya herufi sawasawa. Gurudumu la mashine ni baya zaidi. Linafuta mistari ya kiwandani, linaviringisha kingo zilizotakiwa kuwa kali, na bapa jembamba likipata moto wa msuguano, ugumu wa chuma unaweza kulegea. Mnunuzi atauona mng'aro ule, na swali lake la kwanza litakuwa: kilichoondolewa ni nini? Visu vya kughushi na vilivyounganishwa kwa vipande vya visu vingine husuguliwa sana ili viungo visionekane. Cha kwako kitaingia kwenye shaka hiyohiyo, ingawa ni cha halali.

Hili limenipata, mwanangu. Nilikuwa fundi saa kijana, nimejinunulia mota ya kung'arishia. Mteja akaniletea kisu cha kukunja cha Sheffield, Uingereza, cha baba yake, akaniomba nikipanguse tu. Mimi nikaona nimfanyie wema. Nikakisugua mpaka ukawa unaweza kujitazama meno. Aliporudi alikitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Jina liko wapi?" Lilikuwa limeandikwa kwenye bapa, na baba yake alikuwa akimwonyesha alipokuwa anajifunza kusoma. Tayari mtu alikuwa amekubali kukinunua. Alipokiona akapunguza bei kufikia nusu. Mteja wangu hakukiuza. Hakunidai kitu, na mimi sikuwa na cha kumrudishia. Tangu siku hiyo hata uso wa saa uliofifia sikubali kuupaka rangi mpaka mwenyewe anielewe kinachopotea.

Kuna jambo moja ambalo hupaswi kuliacha, nalo ni kutu nyekundu, maana hiyo ingali inakula. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kitie tone la mafuta ya cherehani, upanguse bapa. Kitambaa kikitoka na wekundu wa udongo, hapo kutu iko hai. Kikitoka na weusi kidogo tu, acha. Pale penye wekundu weka mafuta, yalale usiku kucha, halafu ukwangue polepole kwa ukingo wa senti ya shaba. Senti nyingi za Marekani za kabla ya 1982 zina shaba asilimia 95, na shaba ni laini kuliko chuma, haitakichuna. Ukiona kashimo kadogo chini ya kutu, usikifuate. Kukifuata ni kuondoa chuma chote kinachokizunguka.

Kwenye bawaba tia tone, fungua na ufunge mara kadhaa, upanguse weusi utakaotoka. Kutu ya kijani kwenye shaba ya ndani itolewe kwa kijiti cha meno. Maji usiyatumie kabisa, wala usikiloweke, kwa sababu mpini ni mfupa na mfupa ukilowa na kukauka hupasuka. Usikinoe pia. Wakusanyaji hupima upana wa bapa uliobaki, na babu amekwisha kunoa vya kutosha. Ukimaliza kizungushie kitambaa kikavu cha pamba. Kile kifuko cha ngozi nilichokupa kiweke mbali nacho. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizoilainisha hukila chuma.

Najua utaniambia: mbona majambia ya fedha tunayasugua kila harusi? Jambia linalovaliwa lina desturi yake, mng'aro wake ni sehemu ya vazi. Hata hivyo mafundi wazuri husugua juu tu, weusi ulio ndani ya nakshi wanauacha, maana bila huo nakshi haisomeki.

Kuhusu bei, nikwambie kweli. Kisu kilichotumika hivi hakifiki bei ya mwenzake ambaye hajawahi kukata hata uzi. Kukisugua hakutakirudisha kwenye upya. Kitakosa upya na kitakosa umri pia. Mwonyeshe mtu huyo kilivyo, weusi wake wote, umsimulie na Tunguu. Ile picha ya babu na aproni nyeupe mbele ya jiko la kituo ninayo. Nitaitia kwenye bahasha pamoja na barua hii, iwe pamoja na kisu, ukiuza usiuze. Uamuzi huo ni wako, mimi nilikupa kwa moyo mmoja.

Kabla ya Jumamosi nipigie picha ya shina la bapa kubwa, pande zote mbili, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Nataka kuiona ile namba tena. Na dawa uliyonunua, kama risiti unayo, irudishe dukani.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama karafuu zimefika.

Baba yako