Futa hiyo oili chafu, na hao wawili "wazima" wapeleke pia

Mkuu, futa hiyo oili masikioni mwa sungura wako sasa hivi. Chukua kitambaa kikavu, pangusa yote inayotoka, usimwogeshe, kisha urudi uendelee kusoma.

Umeandika kwamba jike lako lina magaga masikioni, jirani kakupa oili chafu ya gari umpake asubuhi na jioni, na wale wawili wengine "wazima kabisa, wanarukaruka", kwa hiyo umewaacha walivyo. Ukauliza upake kwa siku ngapi, na kama watoto waache kumshika. Nimesoma nikaishiwa nguvu. Hayo maneno ya "wazima kabisa" niliyasema mimi mwaka 2021, Morogoro, nikiwa na sungura wanne. Nikabaki na wawili.

Walikuwa Karanga, Theluji, Kopo na Bibi Maua. Najua wapo watakaosema sungura ni mboga, ningewala yakaisha. Mboga haikimbilii mlangoni ikisikia mlio wa funguo zako. Hawa walikuwa wa binti yangu, na kila mmoja alimpa jina mwenyewe.

Karanga alianza kutikisa kichwa, akawa anajikuna kwa mguu wa nyuma mpaka sikio linalala upande. Nikamchungulia: ndani kuna magaga ya kahawia, yamepandana kama maganda ya kitunguu kilichokauka. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo. Jamaa kavaa koti jeupe, hakuuliza sungura wangapi, hakuuliza wanalala wapi. Akasema: "Huo uchafu tu wa masikio. Mpake oili chafu, utakauka. Hao wengine kama hawana kitu usiwasumbue." Koti jeupe, mkuu! Mtu akivaa koti jeupe unaamini kasomea. Mpaka leo nikipita mtaa ule damu inachemka, kwa sababu sentensi mbili alizozitoa bila hata kuinua macho kwenye simu yake ndizo zilizotufikisha tulikofika. Kama hujui, sema hujui, mteja aende mbele. Morogoro ile ile ndiko kuna SUA, chuo kinachofundisha madaktari wa mifugo, na mimi nikazunguka gereji nikiomba oili.

Sasa mtazame sungura wako anavyonawa. Analivuta sikio chini kwa miguu ya mbele, analipangusa, halafu anailamba ile miguu. Anarudia siku nzima. Chochote unachompaka sikioni kinaishia tumboni, na sungura hana uwezo wa kutapika. Oili iliyokwisha kuzunguka ndani ya injini ina masizi na madini ya vyuma vilivyosagika, na hiyo ndiyo nilikuwa namlisha Karanga mara mbili kwa siku. Siku ya tatu akagoma kula. Mimi nikasema atakula kesho. Sungura aliyegoma kula ni dharura, utumbo wake ukisimama unamuua. Karanga alikufa siku ya nne, kabla binti hajarudi kutoka shule.

Lakini kilichonigharimu zaidi ni wale watatu.

Wale hawakuwa na gaga hata moja, na ndiyo maana nikawaacha. Banda lao lilipakana na la Karanga, waya mmoja katikati. Nilimshika Karanga, nikanawa kwa maji tu, nikawashika wao. Brashi ya manyoya ilikuwa moja. Karanga alipokufa nikalifagia banda lake, nikamhamishia Kopo humo kwa sababu lilikuwa kubwa. Magunia ya kulalia yale yale. Kama wiki tatu baadaye Kopo akaanza kutikisa kichwa.

Safari hii nikatafuta daktari wa mifugo, mama mmoja mtu mzima, akaja nyumbani. Alichukua chembe ya gaga kutoka sikio la Kopo, akaiweka juu ya jalada jeusi la daftari la mtoto, akatoka nalo juani. "Baba, njoo uone." Vidoto vyeupe vinatembea. Kwa macho matupu, bila hadubini! Ni utitiri wa masikio, na ndani ya yale magaga unajaa tele. Kisha akasema, "Nipe na yule." Bibi Maua, aliyekuwa anarukaruka, anakula vizuri, sikio safi kwa nje. Akamulika tochi ndani kabisa, akanionyesha vijichembe vya kahawia vimeanza chini kule. Bibi Maua akampiga teke la kifua, ndivyo alivyokuwa mzima. Theluji naye hivyo hivyo.

Hao wawili wako ndio Bibi Maua na Theluji, mkuu. Utitiri huanzia chini ya tundu la sikio, na unapoona magaga kwa nje una wiki kadhaa umo. Kusema "hana dalili" maana yake hujamulika.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia hadi unichoke: WOTE, SIKU MOJA, NA MARUDIO. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwenzake, baada ya wiki chache mwenzake atamrudishia.

Na hilo la marudio nalo lilinikuta. Daktari aliwachoma wote watatu ivermektini, akasema tukutane baada ya siku 14. Siku ya kumi magaga yalikuwa yanadondoka yenyewe, ngozi chini ya pinki kama ya mtoto. Nikajiambia wamepona, sindano ya pili ya nini, elfu kumi na tano itanunua majani. Dawa ile inaua utitiri unaotembea, mayai inayaacha. Mayai yakaanguliwa, na banda sikuligusa. Mdudu huyu, mahali penye ubaridi na unyevu, anaweza kukaa hai nje ya mwili wa sungura mpaka kama wiki tatu, kwenye magunia, kwenye maungio ya mbao. Ulirudi mbaya kuliko mwanzo, ukapenya sikio la Kopo mpaka ndani, shingo ikapinda. Alikuwa anazunguka duara, anaanguka, anaamka, anazunguka. Binti alikaa naye jikoni usiku mzima anamlisha majani kwa mkono. Hakupona.

Mara ya mwisho tulifanya hivi. Theluji na Bibi Maua walichomwa siku ya kwanza, siku ya 14 na siku ya 28, wote pamoja, mmoja akiwa na dalili ama hana. Walihamia jikoni kwenye maboksi ya karatasi, na kila siku ya sindano maboksi ya zamani yalichomwa moto. Magunia yalichomwa. Banda nililimwagia maji yanayochemka kwenye kila ufa, nikalitoa juani, nikaliacha tupu zaidi ya mwezi. Brashi nilitupa. Hawajaumwa tena masikio.

Usije ukanunua ivermektini ya ng'ombe ukajipimia mwenyewe. Ile ya asilimia 1 ng'ombe anapewa mililita 1 kwa kila kilo 50. Kwa sungura wa kilo mbili na nusu, hesabu hiyo hiyo inakupa mililita 0.05, tone moja tu! Kwa bomba la sindano la mililita 5 hulipimi tone hilo, utamzidishia. Daktari wetu alitumia bomba dogo la insulini, na kila sungura alimpima uzito kwanza kwenye mzani wa jikoni. Yeye ndiye aamue kiasi. Na zile dawa za viroboto vya mbwa za kudondoshea shingoni, zenye fipronili, sungura usimguse nazo, zinaua. Atakayekuja hapo chini kukushauri hizo, msamehe ila usimfuate.

Magaga usiyabandue. Chini yake ni nyama mbichi, atalia kwa maumivu na kidonda kitaingia usaha. Yaache, dawa ikifanya kazi yanadondoka yenyewe. Kama kuna magaga puani au vidoleni pia, mwonyeshe daktari, huo huenda ukawa ukurutu wa utitiri wa aina nyingine ambao hata binadamu unamwasha, na hapo watoto wakae mbali.

Kesho asubuhi wapeleke wote watatu, kila mmoja na boksi lake, usiwachanganye njiani. Tia majani ndani, uangalie kama jike anakula. Akigoma kula usiku huu, usisubiri asubuhi, mpigie daktari muda huo huo na umwambie kuhusu oili. Kisha njoo uandike hapa amesema nini, na sindano ya pili ni tarehe ngapi. Nitakuuliza hiyo tarehe ikifika.