Mleta uzi, usisaini huo mkataba wa intaneti wa jengo zima

Mkuu, weka kalamu chini kwanza.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ni katibu wa kamati ya wapangaji kwenye flati za umma hapa Dar, kaya 48. Kampuni moja imewafuata na ofa ya kufunga intaneti jengo zima bure, mkataba miaka mitatu, kampuni nyingine haziruhusiwi kuingia, na kamati itapewa asilimia kumi ya makusanyo. Kikao cha kupitisha ni Jumamosi. Anauliza spidi gani inatosha kaya moja, kipi bora kati ya faiba (waya unaoletwa hadi jengoni) na redio ya juu ya paa (antena inayopokea intaneti hewani), na wazee wa pensheni wasaidiweje kulipia.

Hayo ndiyo maswali niliyouliza mimi mwaka 2021 nikiwa katibu kama wewe. Hilo la "kampuni nyingine haziruhusiwi kuingia" wewe hukuliuliza, umelitaja tu ukapita. Na mimi nililipita hivyo hivyo. Limetugharimu miaka mitatu, na nikisoma bandiko lako naona kama nasoma muhtasari wa kikao chetu wenyewe.

Jengo letu lina ghorofa tano, flati nane kila ghorofa, kaya 40. Mwenye nyumba ni shirika la umma, sitalitaja. Ni jengo la zamani, lilijengwa wakati hakuna aliyewaza kwamba siku moja kila flati itahitaji waya wa data. Njia pekee ya kupandisha kitu kutoka chini hadi juu ni ile dakti ya mabomba ya maji, kaupenyo chembamba chenye mlango wa chuma kila ghorofa. Shika hiyo dakti akilini, nitairudia.

Akaja kijana wa mauzo. Shati limenyooka, tableti mkononi, anamwita kila mzee "baba" na kila mama "mama yangu". Alikuja Jumatano saa nne asubuhi, akavuta waya mmoja kutoka kwenye paa, akapima spidi mbele yetu: 94, yaani Mbps, megabiti kwa sekunde. Watu wakapiga makofi. Jumatano saa nne asubuhi, mkuu! Wanaofanya kazi wapo kazini, watoto wapo shule, mtumiaji ni yeye peke yake. Fundi mmoja alikuja kuniambia baadaye kwamba 94 ndiyo namba ya kawaida ya waya wa Mbps 100 ukiwa na mtu mmoja. Redio yao ilikuwa inaleta Mbps 100 kwa jengo lote. Gawa kwa kaya 40: unapata Mbps 2.5. Video moja tu ya HD inataka kama 5. Yule kijana aliijua hesabu hii, maana ndiyo kazi yake, akatuangalia usoni akatuambia kila flati itapata "mpaka mia". Neno "mpaka" ndilo lilikuwa limebeba uongo wote. Mpaka leo nikilisikia kwenye tangazo nazima redio.

Usiniulize kama nilisoma mkataba. Niliusoma wote, kurasa kumi na moja, hadi mke wangu akaniuliza kama nimejiunga na shule ya sheria. Nilichokuwa natafuta humo ni bei na spidi, nikavipata, nikaridhika. Vipengele vilivyotuua vilikuwa vimekaa kwa upole katikati.

Cha kwanza: kampuni itakuwa mtoa huduma pekee ndani ya jengo kwa miezi 36. Cha pili: nyaya, swichi (visanduku vya kugawa intaneti kwa flati) na "njia zote zilizoandaliwa kwa ajili ya huduma" ni mali ya kampuni. Cha tatu: jengo litatoa umeme wa vifaa. Cha nne: bei inaweza kurekebishwa kwa hiari ya mtoa huduma.

Hiki cha umeme nakipita haraka. Swichi zao zilichomekwa kwenye LUKU ya ngazi. Uniti zikiisha saa tatu usiku, taa za ngazi na intaneti ya kaya 40 vinakufa pamoja, simu zote zinakuja kwangu.

Sasa dakti. Walipitisha nyaya zao mle, wakafunga milango yote mitano kwa kufuli za njano. Sisi tuliona ni usalama wa vifaa, hata mlinzi wetu alifurahi. Mwezi wa nane bei ikatoka 45,000 ikawa 60,000. Watu wakaanza kununa. Katikati ya 2022 faiba ya kampuni nyingine ikafika mtaani kwetu, nguzo ikasimama hatua kama thelathini kutoka getini. Majirani ng'ambo ya barabara wakaunganishwa ndani ya wiki. Nikaenda kuwaita. Walikuja vijana wawili na ngazi na rola ya waya, mmoja akaniuliza, "Katibu, tupande wapi?" Nikamwonyesha mlango wa dakti. Akashika ile kufuli ya njano, akaigeuza, akaniangalia. Sikuwa na funguo za jengo ninaloishi.

Nikampigia yule kijana wa mauzo. Kumbe alishahama kampuni. Ofisini wakasema watanijibu kwa maandishi, na kweli walijibu. Barua ilisema kumwingiza mtoa huduma mwingine ni kuvunja mkataba, na fidia ni makadirio ya mapato ya miezi iliyobaki. Miezi 24, kaya 40, ile 45,000 ya mwanzo kila moja. Piga mwenyewe: 43,200,000. Kwa kamati ya watu wanaokutana chini ya mwembe!

Na hapa, mleta uzi, naomba usome polepole. Kamati yetu haikusajiliwa popote. Sio kampuni, sio chama, ni majirani waliochaguana kwa kunyoosha mikono. Kwa hiyo waliosaini ni mwenyekiti, mweka hazina na mimi, kwa majina yetu na namba zetu za NIDA. Rafiki yangu mwanasheria alipouona alikaa kimya, halafu akauliza, "Hapa wewe umesaini kama nani?" Hilo ndilo swali ulilotakiwa kuuliza jukwaani kabla ya swali la spidi.

Tukaenda kwa mwenye nyumba kuomba msaada. Afisa wa majengo akausoma, akauliza nani alitupa mamlaka ya kumkabidhi mtu dakti za jengo ambalo si letu. Sikuwa na jibu. Sisi ni wapangaji. Tuligawa kitu cha mwenyewe, tena kwa maandishi. Mwanasheria alisema kwa sababu hiyo hiyo mkataba ungeweza kupigwa chini mahakamani, lakini gharama ya kesi na muda wake vilitushinda. Tukaamua kuvumilia hadi uishe.

Unajua nani walivumilia zaidi? Ghorofa ya tatu kuna bibi mmoja mstaafu, anaishi na mjukuu. Alitoa 50,000 ya amana kama wengine, kwenye bahasha, noti za elfu mbili na za elfu moja. Mwaka 2023 mjukuu wake alikuwa anajaza maombi ya mkopo wa chuo, na siku hizi hayo yote ni mtandaoni. Usiku jengo zima likiwa hewani hakuna kinachofunguka, kwa hiyo kijana alikuwa anaamka saa tisa usiku. Asubuhi moja nilimkuta amelala kwenye ngazi kaegemea ukuta, kompyuta juu ya mapaja, pembeni ya kile kisanduku cha swichi, kwa sababu ruta ya kwao ilikuwa imekufa na alikuwa amechomeka waya moja kwa moja. Wiki hiyo hiyo bibi akashuka na fimbo yake hadi kwangu. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu katibu, ile elfu hamsini nilikupa wewe, sikumpa yule kijana." Nilimrudishia kutoka mfukoni kwangu, na wengine sita baada yake. Hadi mkataba unaisha walikuwa wamebaki wateja 17.

Utaniuliza kwa nini hatukupiga kelele mapema. Ile asilimia kumi, mkuu. Mwanzo kaya zote zikilipa ilikuwa 180,000 kwa mwezi, na kwa hela hiyo tulitengeneza pampu ya maji. Sasa mpangaji akija kulalamika intaneti, mwenyekiti anamjibu kuhusu pampu. Kamati iliyotakiwa kuisimamia kampuni ilikuwa inalipwa na kampuni. Hakuna aliyeiba hata shilingi, daftari lipo, na bado tulikuwa tumefungwa midomo. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Marekani mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, ilishapiga marufuku kampuni za simu kujimilikisha majengo ya makazi kwa mikataba ya aina hii tangu 2008, na Februari 2022 ikakataza pia baadhi ya mipango ya kumgawia mwenye jengo mapato ili wengine wasiingie. Nilipoisoma hiyo nilisimama nikazunguka sebule. Wenzetu wameshaumwa na nyoka huyu huyu, wakamwandikia sheria!

Halafu ikaja ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima na nchi jirani pia. Hilo silimlaumu mtu. Lakini siku zilizofuata ng'ambo ya barabara walianza kurudi hewani kidogo kidogo, kila mtu na kampuni yake, huyu akipata anamgawia yule. Jengo letu lote lilining'inia kwenye redio moja ya kampuni moja, hivyo tulikaa kimya wote pamoja.

Mkataba ulipoisha mafundi wao walikuja kuchukua vifaa. Swichi walifungua kwa bisibisi. Nyaya walikata kwa koleo, kila ghorofa, sentimita chache kutoka ukutani, waya mfupi usioweza kuungwa. Ni zao, mkataba ulisema. Nilisimama pale nikiokota vipande.

Basi kanuni ni moja, na nitakurudia nayo hata ukiniuliza habari ya spidi: njia ya kupanda juu, yaani bomba, visanduku na kufuli, iwe ya jengo. Kampuni, iwe nzuri namna gani, iishie kwenye kisanduku cha chini na ipande kwa ruhusa.

Tulivyofanya sisi safari ya pili: kwanza barua kwa mwenye nyumba. Ilichukua miezi miwili na safari nyingi za kufuatilia, ikajibiwa kwa masharti: tusitoboe nguzo, fundi awe anayetambulika, na ruhusa iwe kwa kampuni yoyote yenye leseni, masharti yale yale kwa wote. Hilo la mwisho ni wao walioliweka, na ningewabusu mikono. Halafu kila kaya ikatoa 25,000, ikawa milioni moja kamili. Tukanunua bomba la plastiki, tukalipandisha ndani ya dakti mbali na mabomba ya maji, kisanduku kimoja kila ghorofa, kamba ya kuvutia waya ikaachwa ndani. Kufuli ni zetu, funguo moja kwa mlinzi na moja kwa kamati, na kuna daftari la nani kafungua lini. Kazi ya siku nne. Leo kuna kampuni mbili za faiba ndani, kila kaya inasaini yenyewe na inayemtaka, na kamati haipokei senti kutoka kwa yeyote. Yule bibi yupo kwenye kifurushi cha chini cha kampuni ya pili, na akichoka atahama bila kuniomba mimi.

Leseni nayo uliza TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, kabla ya kumkaribisha mtu chai. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inatenganisha leseni ya miundombinu na leseni ya kutoa huduma, na kuna watu wanazunguka na tableti ambao hawana hata moja, wananunua mahali na kuuza kwenu.

Na usiogope kwamba ukikataa watakukimbia. Yule kijana alitutisha hivyo: "Mkichelewa tunahamia jengo lingine." Kaya 48 chini ya paa moja ni mteja anayetafutwa, waya mmoja unawafikia wote. Angalia Magomeni Kota, ilifunguliwa Machi 2022 kwa kaya 644 kwenye eneo moja. Kwa muuza intaneti watu waliopangana hivyo ni neema. Nyinyi ndio mna mlango, msimpe mtu funguo.

Leo jioni fanya hivi: fungua mkataba, tafuta neno "pekee" na neno "mali". Vipige picha hivyo vipengele, ziba jina la kampuni, niwekee hapa au inboksi, nitausoma usiku huu huu. Halafu angalia pale chini mwisho kabisa, penye nafasi ya saini, wameandika kamati au wameacha mstari wa jina lako na namba ya NIDA. Kama ni huo wa pili, Jumamosi ahirisha kikao, sema unaumwa.