Yule binti mpya wa jirani

Nilimwona mara ya kwanza dukani, hapa Pasua, Moshi. Alikuja kununua sabuni ya unga, noti ya elfu mbili ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama kidonge. Katikati ya vidole ngozi imechubuka. Akaniamkia, nikamwitikia, halafu akaniuliza polepole: "Mama, hapa ndiyo Dar?"

Wiki tatu yuko mjini kwetu, hajui kama ni Moshi.

Ana miaka 13. Aliletwa kutoka Singida na mwanamke anayemwita shangazi, ingawa si ndugu yake. Nyumbani waliambiwa anakwenda kujifunza cherehani, kumbe amewekwa kwa jirani yetu kufanya kazi za ndani. Mshahara wa miezi mitatu ya kwanza huyo shangazi alishauchukua.

Hapo nikafanya kosa ambalo nakuomba usilirudie. Jioni ileile nilikwenda kugonga geti na kumvaa bosi wake. Akanijibu kwamba binti amekuja kwa hiari yake na wazazi wameridhia. Kulipokucha, binti hayupo.

Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu. Alimpeleka stendi saa kumi na moja alfajiri, ana mfuko wa rambo tu, na moyo ukamkataa. Akaja kuniambia. Mwenyekiti wa mtaa akawapigia polisi, basi likasimamishwa Himo. Alikuwa anapelekwa Tanga.

Kwa hiyo ukimshuku mtu, usimshtue. Nenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, uliza Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto haikati salio. Na ukiambiwa "alikubali mwenyewe", usirudi nyuma: Sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu haimwachii msafirishaji kwa sababu ya ridhaa ya aliyesafirishwa.

Na sisi tunaotafuta dada wa kazi, maana dalali anaishi kwa hela zetu: ongea na mzazi wake wewe mwenyewe, kwa simu, binti akisikia. Mtoto wa miaka 13 mrudishe kwao, hata kama nyumba imekuelemea. Aliye mkubwa, mshahara mpe mkononi, na mpeleke kwa mwenyekiti aandikwe kwenye daftari la wakazi. Siku hizi mtaani kwetu mgeni wa namna hiyo tunakwenda kumsalimia ndani ya wiki ya kwanza. Vijana wa bodaboda na mama lishe wa stendi wana namba ya mwenyekiti.

Kumpata mama yake ilituchukua siku nne. Binti hakuwa na namba ya simu hata moja kichwani. Alilokumbuka ni jina la shule yake ya msingi, mtendaji akaanza kupiga simu kutokea hapo. Wazazi, wakaririsheni watoto namba zenu kabla hawajatoka nyumbani.

Mama alipopokea, swali lake la kwanza lilikuwa kama mwanawe ameshajua kushona.