Printa kugoma VPN ikiwashwa

Dada, umeuliza kwa nini printa yako ya nyumbani inagoma ukiwa kwenye VPN; haijaharibika. Ukiwasha VPN ya ofisi (njia salama ya kuunganisha laptopu na mtandao wa ofisi), kila kinachotoka kwenye laptopu hupitishwa njia ya ofisini, hata kazi ya printa iliyo mezani hapo hapo nyumbani Donholm. Ndiyo maana ukiizima VPN, printa inachapisha. Ingia kwenye mipangilio ya VPN, tafuta ruhusa ya kufikia vifaa vya mtandao wa nyumbani, uiwashe. Kisha ongeza printa kwenye laptopu kwa anwani yake ya IP (nambari inayoitambulisha kwenye mtandao), mfano 192.168.1.20, maana kuitafuta kwa jina mara nyingi hukwama. Mimi huitengea printa anwani hiyo kwenye ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani), isibadilike stima ikipotea na kurudi. Ofisi ikiwa imeifunga ruhusa hiyo, waombe watu wa IT. Kwa leo chomeka kebo ya USB, hiyo haipitii mtandaoni kabisa.