Siku saba Hispania kwa treni: miji mitano ni mingi

Ndugu, nimekuelewa: una siku saba, na unataka Barcelona, Madrid, Sevilla, Granada na San Sebastián, yote kwa treni. San Sebastián ningeiacha. Iko kaskazini kabisa. Kutoka Madrid safari inakula zaidi ya saa tano, kwenda tu.

Shukia Barcelona, ulale siku tatu. Treni ya mwendo kasi hadi Madrid ni kama saa mbili na nusu. Hapo lala mbili. Ukielekea Sevilla, shuka Córdoba asubuhi, uone ule msikiti wa kale uliogeuzwa kanisa kuu, matao yake mekundu kwa meupe, jioni umalizie dakika 45 zilizobaki. Kata tiketi mbili tofauti, maana moja haikuruhusu kushuka njiani ukaendelea baadaye. Na ndege ya kurudi itokee kusini, usirudi tena Barcelona.

Granada? Ukipata tiketi za Alhambra, ile ngome na kasri la kale la mji huo, mapema, sawa, upunguze usiku mmoja Barcelona. Zikiwa zimeisha, achana nayo.

Nauli linganisha kampuni za treni: Renfe, Ouigo na Iryo. Hupanda kadiri siku inavyokaribia. Madrid ina stesheni kubwa mbili, Atocha na Chamartín, soma tiketi vizuri. Fika nusu saa kabla: mizigo hupitishwa kwenye mashine, na geti hufungwa kabla treni haijaondoka.

Kama unahitaji viza ya Schengen, yaani ya kuingia Hispania na nchi nyingine nyingi za Ulaya, usilipie chochote kisichorudishwa pesa kabla haijatoka. Masharti uliza ubalozini, si kwa madalali.