Elfu ya fundi na aishike fundi mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ukishanyolewa au kusukwa, unamwongezea fundi shilingi ngapi juu ya bei?" Jibu langu fupi ni hili. Nikinyoa kwa elfu tano, kwa kawaida namwachia kinyozi elfu moja, na dada aliyeniosha kichwa namwachia elfu moja yake. Nikienda na mwanangu wa miaka mitatu, ambaye kunyolewa kwake ni elfu mbili tu, kinyozi namwachia elfu mbili nyingine. Mtu anayetoa bakshishi kwa asilimia ya bei akiiona hesabu hiyo atasema nimechanganyikiwa. Nivumilieni niieleze, maana nilishika mashine miaka saba kule Tandika, Dar es Salaam, kuanzia 2011, kabla sijapata hii kazi ya stoo.

Kinyozi haombi bakshishi, anaisoma. Ukishamfungua mteja kitambaa, ukamfuta shingo kwa brashi yenye poda, ukamshikia kioo cha nyuma aone kisogo chake, hapo mkono wake umeshaanza kusema. Anayejipapasa kichwa kwanza ameridhika. Anayekimbilia mfuko kabla hajajitazama ana haraka, atatoa noti kubwa na atataka chenji yake yote. Na yupo yule anayesimama, anajinyoosha, anauliza "Shilingi ngapi vile?" ilhali bei imebandikwa ukutani na ananyoa hapo tangu enzi za panki. Huyo anajiandaa kuomba apunguziwe.

Na huyo ndiye donda langu, kwa hiyo nimalizane naye mapema. Anabembeleza elfu tano mpaka inafika tatu, halafu akishakubaliwa anachomoa mia tano, anakupiga begani: "Ya soda hiyo, fundi!" Saluni nzima inamwona mkarimu. Jamani, tatu na mia tano bado nakudai elfu moja na mia tano. Mkarimu hapo ni mimi.

Watu wengi hawajui ile fedha wanayolipa inakwenda wapi. Ziko saluni za mgawo: kila kichwa kina sehemu ya kinyozi na sehemu ya mwenye saluni, nusu kwa nusu au pungufu. Ziko na za hesabu, kama bodaboda: jioni unapeleka kiasi mlichokubaliana, kilichozidi ni chako, kikipungua ni deni lako. Sisi tulikuwa wa hesabu. Jumatatu na Jumanne unaweza kukaa mpaka saa nane mchana hujawasha mashine, umepangusa kioo mara tano, umesoma gazeti la juzi mpaka matangazo ya vifo. Umeme ukikatika, hesabu haikatiki. Unakuja kufidia Ijumaa kabla ya swala, Jumamosi, na mikesha ya sikukuu ambapo watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Ndiyo maana hadi leo nasema elfu moja ya Jumanne ina uzito kuliko elfu tano ya mkesha wa Idi. Ya mkesha inaingia kwenye fungu la nyingine. Ya Jumanne ndiyo iliyoninunulia chakula.

Sasa nije kwa mtu ambaye swali lenu halikumtaja. Katika saluni za kiume za Dar es Salaam siku hizi, baada ya mashine unapelekwa nyuma kwenye sinki. Dada anakuosha kichwa, anakusugua uso kwa skrabu, anakukanda shingo na mabega, anakufunika taulo la moto mpaka unasinzia. Mteja anaamini yote hayo yamo ndani ya bei, na kweli yamo, ila kwenye bei hiyo dada mwenyewe hayumo sana. Pale kwetu alikuwa anapata shilingi mia tano kwa kichwa, na kichwa kisichotaka skrabu hakikumpa kitu. Nauli ya kuja na kurudi, chakula cha mchana, na mafuta ya kulainisha mikono iliyochubuliwa na dawa na maji, vyote vilitegemea mteja atakayekumbuka. Na mteja hakumbuki, kwa sababu ya mpangilio tu. Akitoka kwenye sinki anarudi kitini kuchongwa ndevu, na anayemaliza kazi ni kinyozi. Mkono wa mwisho ndio unaopewa. Nimepokea bakshishi nyingi ambazo, nikiwa mkweli, mteja alikuwa anashukuru yale mabega.

Nilikuwa nikigawana naye? Mara nyingine. Siku za hesabu ngumu, hapana. Naandika haya nikijua yeye akisoma atacheka.

Wapo pia wanaompa dada huyo elfu kumi kisha wanaanza kuuliza namba ya simu. Hiyo isihesabiwe kwenye mjadala wenu. Bakshishi ukishaitoa, umeitoa.

Dada yangu wa damu anaishi Houston, jimbo la Texas, Marekani, na anasukwa na mama mmoja wa Kisenegali. Ananiambia kule hakuna kusoma mikono. Kichwa kikikamilika, msusi anakugeuzia skrini ya malipo na pale pameandikwa asilimia 18, 20, 25, uchague huku anakutazama. Yeye hubonyeza 20. Kwa rasta za dola 200, hizo ni dola 40 za bakshishi, karibu laki moja yetu. Nilipomwambia kwamba kwa laki moja Tandika anasukwa yeye na mashoga zake, alinijibu vizuri: kule bakshishi ni sehemu ya mshahara wa watu wengi, kuanzia wahudumu wa mikahawa. Sheria yao ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Yapo majimbo yaliyoukataa utaratibu huo, lakini Texas halimo. Kwa hiyo mteja analipa kazi kwa awamu mbili, na awamu ya pili imepewa jina la hisani.

Wako vijana wetu wa mjini wanaotaka tuige, kila mtu atoe asilimia kumi au ishirini. Mimi nakataa, na sababu yangu ni huyo mtoto wa miaka mitatu.

Mtoto ndiye kichwa cha bei ya chini kuliko vyote, na ndiye kichwa kigumu kuliko vyote. Anageuka ghafla ukiwa sikioni. Analia, makamasi yanakutana na nywele. Unamwimbia, unazima mashine aizoee, unaiwasha mbali, unamnyoa mdoli wake kwanza. Mtu mzima wa kipara anakuchukua dakika kumi na analipa elfu tano, mtoto anakula nusu saa na mzazi analipa elfu mbili. Kwa asilimia ishirini, wa kipara anakuachia elfu moja na wa makamasi anakuachia mia nne. Bei inafuata ukubwa wa mteja, kazi haifuati hivyo. Kwa hiyo mimi sitazami bei hata kidogo, natazama usumbufu. Nimekuja na mtoto? Naongeza. Nimekuja saa tatu usiku mashine zinafungwa kwenye mkoba? Naongeza. Nina upele na kinyozi amebadilisha wembe mbele yangu bila kuambiwa, amepaka spiriti taratibu? Huyo namwongezea na namba yake naihifadhi. Nimekaa nikanyolewa kipara tulivu kama yai? Asante na salamu zinatosha, na sitajisikia vibaya.

Upande wa wanawake nilikuwa sijui kitu mpaka nilipooa. Mke wangu akisuka rasta nyembamba anaondoka nyumbani saa mbili asubuhi, anarudi saa kumi na moja jioni, kichwa kinamuuma, hataki kuulizwa. Kichwa hicho kimeshikwa na wasusi watatu, wakati mwingine wanne: mmoja anagawa njia, wengine wanadaka pembeni, binti anayejifunza anachambua rasta na kumpasia fundi, na mwisho anazichovya ncha kwenye maji ya moto, tena vidole vyake ndivyo vinavyoungua. Analipwa fundi mkuu, naye anawagawia wenzake anavyoona. Ukimpa yeye bakshishi umempa yeye. Mke wangu ana mtindo wake ambao mwanzoni niliuona wa kizamani: hatoi fedha mwisho, ananunua chakula katikati. Ikifika saa saba anaagiza chipsi mayai na soda kwa idadi ya mikono iliyo kichwani mwake, binti wa ncha akiwa wa kwanza kuhesabiwa. Anasema fedha ya mwisho inapita kwa mkubwa, chipsi hazipiti kwa mtu. Nimetafuta kasoro ya hoja hiyo miaka minne sijaiona. Isipokuwa moja: ukisukwa huku msusi anakula, mafuta ya chipsi yanaingia kwenye rasta. Analijua, anawasubiri waoshe mikono.

Neno bakshishi lilitufikia kutoka Kiajemi, ila pwani jambo lenyewe tulikuwa na majina yetu kulitajia. Mwanagenzi akihitimu, fundi aliyemfunza alipewa kilemba. Aliyemaliza kazi alipewa kiinua mgongo. Leo kiinua mgongo kimehamia kwa wastaafu na wabunge, nami naona kimepotea njia, kwa sababu sijaona mgongo unaohitaji kuinuliwa kama wa kinyozi aliyeinama kwenye visogo vya watu tangu asubuhi. Mjini sasa tunasema "ya soda", "ya maji", "ya vocha". Nimewahi kupewa "ya vocha" ya mia mbili.

Mia tano nayo ina historia yake. Ilipotolewa sarafu yake mwaka 2014 na noti ikaanza kutoweka, pale kwetu mambo yalibadilika. Noti unaikunja, unaisukumiza kiganjani, hakuna anayejua. Sarafu inalia. Wateja wakaanza kuona haya kutoa kitu kinacholia, wengine wakapanda hadi elfu moja, na wengi wakaamua kutotoa kabisa.

Siku hizi hata noti inaadimika, watu wanalipa kwa simu. Hapa naomba mnisikilize kuliko pengine pote. Ile Lipa Namba iliyobandikwa kwenye kioo si ya kinyozi, ni ya mwenye saluni. Ukilipa elfu sita ukasema "elfu moja ya fundi", umempa mwenye saluni elfu sita. Fundi atabaki kuifuata jioni, na ni aibu kumwomba tajiri kitu ambacho hana ushahidi nacho. Kama huna noti, chukua namba yake mwenyewe, mtumie na ada ya kutolea. Elfu moja bila ada hiyo, akienda kuitoa inakuwa imepungua, na mwenzako atacheka huku anakushukuru.

Ninalijua hili kwa sababu mwajiri wangu mmoja aliweka kopo la maziwa kaunta, akatangaza kila bakshishi iingie humo, tutagawana mwisho wa mwezi kwa haki. Wazo zuri, hata dada wa sinki angepata. Mwisho wa mwezi wa kwanza kopo lilinunua umeme wa LUKU. Wa pili lilinunua kiti. Wa tatu tukarudia kukunja noti viganjani. Juzi nikasoma kwamba Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, sheria inamtaka mwajiri awafikishie wafanyakazi bakshishi yote bila yeye kujikatia, na saluni zimo. Nikampigia mzee huyo, maana tunasalimiana bado, nikamsomea. Akaniuliza, "Na LUKU kule ananunua nani?"

Jumamosi iliyopita nilikwenda na mtoto kama kawaida. Alilia, akamtemea kinyozi pipi kwenye aproni, akanyolewa. Nilikuwa na noti ya elfu kumi tu, na kijana akasema, "Nenda tu bosi, utaniletea." Maneno hayo nilikuwa nayasema mimi, na ninajua ni wangapi huwa wanaleta. Nikatoka, nikanunua maji dukani ili nipate noti ndogo, nikarudi. Alikuwa ameshainamia kichwa kingine, sikutaka kumkatiza, nikaichomeka noti chini ya kopo lake la poda, nikageuka kwenda zangu.

Dada wa sinki alikuwa ameegemea mlango wa nyuma, ananitazama. "Na yangu, baba? Si nilimshika miguu huyu?"

Nikarudi dukani.