Mvua ya alfajiri ziwani: ni mwezi au ni wimbi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nanunua dagaa Ukerewe, naanika huku Mwanza. Wiki mbili mvua inapiga kila alfajiri dagaa wanaozea mchangani, kisha wiki tatu jua tupu. Wazee wanasema ni mwezi, redioni wanasema ni "mawimbi makubwa ya anga". Mvua ya ziwa letu na mawimbi ya dunia nzima yanakutana wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka mwambao wote kuelekea katikati ya ziwa. Pepo hizo zikikutana, hewa hupanda juu. Ndizo radi unazoziona kwa mbali saa nane usiku. Na kwa kuwa upepo wetu wa kawaida hutoka mashariki, mawingu mengi husukumwa Bukoba, ambako mvua ya mwaka inakaribia mara mbili ya hii ya Mwanza.

Jiko hilo huwaka karibu kila usiku, wimbi lije lisije. Wimbi huleta kuni. Linalotuhusu zaidi lilielezwa mwaka 1971 na Wamarekani wawili, Madden na Julian: eneo kubwa la mawingu linalofuata ikweta kuelekea mashariki, mita kama 5 kwa sekunde, yaani mwendo wa baiskeli, na kurudi baada ya siku 30 hadi 60. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi, upepo wa mashariki hulegea na hewa yenye unyevu huvutwa kwetu kutoka Kongo. Likishafika Pasifiki, hewa ya juu huku kwetu hushuka na kukausha mawingu. Ndizo wiki zako za jua.

Yale mawimbi ya Rossby yanayopindapinda pepo za juu za Ulaya yasikusumbue. Hayo hustawi mbali na ikweta, na Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwake.

Wazee nao wana sababu. Mwezi huandama kila siku 29.5, wimbi halina tarehe. Vikienda sambamba mara mbili, nani asiamini? Hasa ninyi wa dagaa, mnaohesabu giza na mbalamwezi kuliko mtu yeyote.

Fuatilia utabiri wa siku kumi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakati wa masika au vuli, ukiona upepo wa magharibi siku mbili tatu mfululizo, achana na mchanga: panda kwenye chanja, na turubai lilale hapohapo.